Neno la Kalambo

1

Saa tatu na robo asubuhi ya Jumatano, Kokugonza Rwechungura aliurudisha mkono wake mapajani bila kugusa kioo kilichokuwa mezani, na maofisa wote waliokuwa chumbani wakatazamana.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa Msajili Mkuu wa Rai wa Shirikisho la Maziwa, ofisi yake ikiwa Tabora, ghorofa ya nne, dirisha likitazama reli. Kabla Shirikisho halijatia saini mkataba na nchi ya nje, kabla askari hata mmoja hajavuka mpaka, Msajili alipaswa kuweka alama ya kidole chake chini ya maneno mawili: *Watu wameulizwa.* Bila kidole hicho Rais hakuwa na la kufanya, wala Bunge.

Sura ya Balozi Zamzam Farjallah ilikuwa imejaa ukutani, ikitoka Arusha. Mtandio wake wa zambarau ulikuwa umeteleza begani, na hiyo peke yake ilitosha kuonyesha kwamba hakulala. Bi Zamzam hakuwa mtu wa kuacha mtandio uteleze.

"Koku, mdogo wangu, weka kidole," alisema. "Wageni wangu wameshakaa ukumbini. Ukiweka sasa hivi, ndege zinaruka saa nane, na kesho vijana wetu wamesimama pale mtoni."

"Kalambo haijaulizwa, dada."

"Imejibu. Naiona hapa mbele yangu. Themanini na moja kwa mia wamekubali."

"Hivyo ni vivuli."

Bi Zamzam alifumba macho kidogo. "Najua kuwa ni vivuli."

Kila mtu chumbani alijua. Mashine iliyokuwa ikiwauliza wananchi iliitwa Sikio. Likitokea jambo la nchi za nje, Sikio lilichagua watu elfu ishirini kwa bahati nasibu, likawapigia simu na kuzungumza nao, kila mmoja kwa lugha ya kwao, Kinyakyusa, Kiluo, Kirundi, lugha yoyote ile. Halikumtaka mtu abonyeze namba. Lilimwacha aseme, lilimwuliza kwa nini, na mwishoni lilimsomea alichosema ili akiri kuwa ndicho. Baada ya miaka thelathini ya mazungumzo hayo, Sikio lilikuwa limewafahamu watu kiasi cha kuweza kumtengenezea kila mmoja kivuli chake, yaani mfano wa mtu huyo ndani ya mashine, wenye kujibu kama anavyojibu yeye. Kivuli kilikuwa na kazi moja, kukagua. Kijiji kizima kikijibu kinyume kabisa na vivuli vyake, maofisa walikwenda kuangalia kama kuna aliyewahonga au kuwatisha. Vivuli vilipatia mara tisini na saba katika mia.

Safari hii jambo lenyewe lilikuwa zito. Huko kaskazini nchi mbili, Meravia na Dorvani, zilikuwa zimepigana miaka sita zikigombea mto Iskel. Mwezi uliopita zilikubali kusimamisha mapigano mpaka Ijumaa saa sita mchana, kwa sharti kwamba Shirikisho lipeleke askari wa kukaa katikati yao. Askari waliotakiwa walikuwa wa Kikosi cha Kalambo, vijana mia nane wa nyanda za juu za Ufipa waliosifika kwa kazi hiyo ya kutenganisha wanaopigana. Nchi nzima ilikuwa imeshaulizwa na kukubali. Lakini sheria ilitaka wilaya inayotoa vijana iulizwe peke yake, watu wasiopungua mia tatu, na usiku wa Jumatatu tufani ilikuwa imeangusha mnara wa mawasiliano wa Kalambo. Simu hazikupita. Sikio lilikuwa limepiga na kupiga bila kumpata mtu.

"Juzi wamekufa watu wanne kule," alisema Bi Zamzam. "Huku wanasema wamesimamisha mapigano, huku mizinga inaponyoka. Jana watatu, na mmoja wao alikuwa na miaka sita. Leo sijui. Kila siku unayokawia wewe ina majina yake, Koku. Hawa kwako si watu?"

"Ni watu."

"Basi?"

"Basi siwezi kuandika kwamba nimemuuliza mtu ambaye sijamuuliza. Dada, wale mabwana wa Meravia na Dorvani wamezikataa nchi ngapi kabla ya kutukubali sisi?"

"Saba."

"Kwa nini sisi?"

Bi Zamzam alijua, na alikuwa amelisema mwenyewe katika hotuba nyingi, kifua mbele. Serikali ya nchi nyingine ingeweza kubadilika kesho na askari wakarudishwa kwao. Neno la Shirikisho lilikuwa neno la watu walioulizwa mmoja mmoja, na halikuwahi kuvunjwa.

"Nitakwenda mimi mwenyewe," alisema Kokugonza. "Sheria inaruhusu kuuliza kwa mdomo. Nipe mpaka Ijumaa asubuhi."

"Na wakifa wengine kabla ya Ijumaa?"

Kokugonza alinyanyuka, akachukua koti lake la mvua nyuma ya mlango. "Nitaishi na majina yao," alisema.

2

Ndege ndogo ya umeme ilimshusha Sumbawanga saa sita. Mtu mwembamba mwenye buti za mpira alikuwa akimngoja kando ya uwanja. Alikuwa fundi wa minara, mzaliwa wa Matai, makao makuu ya Kalambo, jina lake Credo Sichalwe.

"Shikamoo, Mama Msajili. Mnara umelala chali."

"Marahaba. Utasimama lini?"

"Vipuri vikifika leo, Ijumaa asubuhi. Si kabla ya hapo, hata ukinichapa."

Njia ya kwenda Matai ilikuwa matope matupu. Gari lilizama mara mbili, na mara ya pili lilivutwa na ng'ombe sita wa mkulima mmoja ambaye alikataa malipo lakini alitaka kujua Msajili ni mtu wa namna gani. Kokugonza alimweleza. Yule mkulima alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama jina lake limo kwenye orodha. Halikuwemo. Alisikitika waziwazi.

Ndani ya gari Credo aliuliza, "Mama, samahani. Kama vivuli vinapatia tisini na saba kwa mia, matope haya yote ya nini?"

Kokugonza alitazama nje, kwenye nyasi zilizolazwa na upepo. "Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Kamachumu. Serikali ya wakati ule ilipeleka jeshi mbali, vita visivyotuhusu. Redio ikatangaza kwamba wananchi wote wanaunga mkono. Mama alikuwa anamenya ndizi. Akaniuliza, 'Wewe umeulizwa?' Nikasema sijaulizwa. Akamuuliza baba. Akamuuliza kaka yangu Rugaimukamu, ambaye ndiye aliyekuwa anakwenda. Naye hakuulizwa."

"Alirudi?"

"Hakurudi. Walikuwa elfu nne, na sheria hii ilikuja baada yao."

Gari lilipofika Matai, walimu wanane wa shule ya msingi walikuwa tayari wakisubiri na madaftari. Orodha ilikuwa na majina mia tatu na kumi na mawili, yaliyochaguliwa na Sikio kabla ya tufani. Kokugonza aliwapa walimu maelekezo akiwa amesimama, maji yakimdondoka kwenye pindo la koti.

"Someni swali kama lilivyoandikwa. Msitingishe kichwa, msitabasamu wala msikunje uso. Mtu akiuliza maana ya neno, msomeeni tena. Akisema ndiyo, andikeni ndiyo. Akisema hapana, andikeni hapana. Akisema jambo lingine lolote, liandikeni kama lilivyotoka mdomoni mwake, hata likiwa tusi."

Yeye mwenyewe alichukua majina arobaini ya upande wa Mwazye, na Credo, ambaye ilimbidi angoje vipuri, akaenda naye kama mkalimani wa wazee wasiopenda Kiswahili.

Alhamisi asubuhi alimkuta Perpetua Nakazwe shambani. Ulikuwa mwezi wa Machi, na watu wa Ufipa walikuwa wakilima ntumba, yale matuta ya duara ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zioze ziwe mbolea. Mama huyo alikuwa na miaka kama sabini, mikono yake ina mishipa kama kamba, na hakuacha jembe mpaka alipomaliza tuta lililokuwa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa Tabora?"

"Ndiye mimi."

"Umepita tope lote lile kuja kuniuliza mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na nikikataa kusema?"

"Nitaandika kwamba umekataa kusema."

Mama Perpetua alicheka, akalaza jembe na kukaa juu ya mpini wake. Kokugonza akafungua daftari, akasoma.

"Nchi za Meravia na Dorvani zimepigana miaka sita kugombea mto Iskel. Zinaomba vijana mia nane wa Kikosi cha Kalambo wakae katikati yao kwa mwaka mmoja, wakiwa na silaha za kujilinda tu. Baadhi yao wanaweza kufa. Unasemaje?"

Yule mama alipangusa udongo mikononi. Kisha akasema, "Kitinda mimba wangu, Gaspari, ni sajini kwenye kikosi hicho."

Kokugonza alijua. Ilikuwa imeandikwa kando ya jina. Alijua pia kivuli cha Perpetua Nakazwe kilivyojibu: *ndiyo*, bila kusita.

"Hao wenyewe wameulizwa?" aliuliza Mama Perpetua.

"Akina nani, mama?"

"Wa huko mtoni. Wanaokaa ng'ambo hii na ng'ambo ile. Kuna mtu amekwenda kwao na daftari kama hili lako?"

"Wakubwa wao wamekubaliana."

Alilitamka na papo hapo akajuta, kwa sababu hakuruhusiwa kusaidia. Lakini Mama Perpetua alikuwa amekwisha kuligeuza neno hilo.

"Wakubwa. Mwaka ule tulipogombea malisho na wenzetu wa ng'ambo ya mto wetu huu, wakubwa walikwenda hotelini wakakubaliana. Wakapigwa picha. Sisi huku tukaendelea kuvunjana miguu mvua mbili nzima. Yaliisha siku Sikio lenu lilipoanza kupiga simu pande zote mbili, nani anataka nini, nani anakunywesha wapi. Ndipo tukajua kwamba wale wa kule walikuwa wanaogopa kiangazi kama sisi." Alichukua kipande cha udongo akakivunja kwa vidole. "Gaspari aende. Nampa. Lakini wale waulizwe kwanza kama wanamtaka. Nisimpeleke mwanangu akasimame kwenye uwanja wa watu ambao hawakumwita."

"Niandike hivyo?"

"Andika hivyo hivyo. Na jina langu liandike vizuri."

Kokugonza aliandika, akamsomea, na yule mama akatikisa kichwa kukubali, kisha akashika jembe lake.

Aliyefuata alikuwa muuguzi wa zahanati, kijana. Wa tatu alikuwa mzee katekista aliyejibu kwa Kifipa, Credo akatafsiri. Hakuna aliyekuwa amemsikia mwenzake. Wa kwanza na wa tatu walitenganishwa na kilima kizima. Lakini wote watatu waliuliza jambo lile lile. Mtu wa tano alisema ndiyo, akarudi kwenye kazi yake. Wa sita alisema hapana, na hakutoa sababu. Wa saba aliuliza: na wao wameulizwa?

"Mama," alisema Credo walipokuwa wakivuka kijito, viatu mkononi, "vivuli havikuliona hili?"

"Kivuli hujibu," alisema Kokugonza. "Hakuna aliyekifundisha kuuliza."

3

Saa kumi alasiri walikuwa wamerudi Matai. Walimu waliingia mmoja mmoja darasani, wakaweka madaftari juu ya dawati la mbele. Mwalimu Yustina, mkubwa wao, alikuwa ametembea tangu alfajiri, na kisigino chake kilikuwa kimechubuka hadi damu.

"Wangu ni thelathini na wanane," alisema. "Ishirini na mmoja wameniuliza mimi swali. Nilidhani nimekosea kusoma."

Watu sita hawakupatikana. Waliopatikana walikuwa mia tatu na sita. Walikuwa katikati ya kuhesabu wakati redio ya mlinzi wa shule, iliyokuwa ikisema dirishani peke yake, ilipotaja mto Iskel. Kokugonza aliinua mkono, na darasa likanyamaza.

Mzinga ulikuwa umepiga kivuko. Haikujulikana umetoka upande gani. Kila upande uliulaumu mwingine. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekufa, wengi wao wakiwa wanangojea kuvuka kwenda kununua unga.

Alitoka nje. Akasimama nyuma ya darasa, mahali walipolundika kuni, akauegemeza mkono ukutani. Kama angeweka kidole jana, vijana wa Kalambo wangekuwa wamefika kule asubuhi hii. Wangekuwa kivukoni? Kwenye ramani ya mpango, kivuko kilikuwa kituo cha tatu cha kikosi. Huenda wangekuwa pale na mzinga usipigwe. Huenda ungepigwa na Gaspari akawa mtu wa kumi na mbili. Alilizungusha kichwani mpaka likamchosha, na bado halikumwachia. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba alifanya sawa, na hata angekuwepo asingemsadiki.

Mwalimu Yustina alimfuata akichechemea. Hakusema pole. Alisema, "Mama, tumemaliza kuhesabu."

"Nisomee."

"Ndiyo, mia na kumi na nane. Hapana, thelathini na moja. Ndiyo lakini waulizwe kwanza wale wa mtoni, mia na hamsini na saba."

Kwenye cheti cha Msajili kulikuwa na nafasi tatu: ndiyo, hapana, na neno jingine. Tangu sheria ilipoanza, neno jingine halikuwahi kuvuka watu wanne katika mia. Mara nyingi lilikuwa ni mtu anayelalamika kuhusu bei ya mbolea.

Kokugonza alirudi darasani, akahesabu tena mwenyewe, daftari kwa daftari. Hesabu ilikuwa ile ile.

4

Credo alisimamisha mnara Ijumaa saa tatu unusu. Kokugonza alikuwa bado chini ya mlima wenye mnara huo wakati Sikio lilipomwita, na sura ya Bi Zamzam ikatokea kwenye kioo cha mkononi.

"Haya. Nambie."

Alimwambia. Bi Zamzam aliandika tarakimu juu ya karatasi, akazijumlisha, na uso wake ukafunguka.

"Alhamdulillahi. Mia mbili sabini na watano katika mia tatu na sita. Tisini kwa mia! Umenitisha bure, Koku. Weka kidole."

"Hiyo si ndiyo, dada."

"Ndiyo-lakini ni ndiyo."

"Wangetaka kusema ndiyo wangesema. Wenzao mia na kumi na wanane wamesema. Hawa wameweka sharti."

"Sharti gani? La kuniharibia mkutano? Nimebakiwa na saa mbili na nusu!" Sasa Bi Zamzam alikuwa amesimama. "Nikaseme nini mbele ya majenerali? Kwamba kuna wakulima milimani wanaodai Meravia iwaulize raia wake? Meravia haijamuuliza raia wake chochote kwa miaka arobaini! Watacheka, watoke, saa sita mizinga ianze. Jana kumi na mmoja. Kesho elfu moja na mia moja. Utaishi na hao pia?"

Kokugonza alikaa juu ya jiwe.

"Sijui kama nitaweza," alisema. "Lakini nisikilize. Nikiweka kidole kwenye ndiyo, leo watafurahi. Mwakani mtu atakuja kukuta madaftari haya. Atajua kwamba Kalambo ilisema hivi, nami nikaandika vile, kwa sababu nilikuwa na haraka na nia yangu ilikuwa njema. Wale wa redio ya utotoni mwangu nao walikuwa na haraka. Dada, nchi saba zimekataliwa. Sisi tumekubaliwa kwa sababu ya kidole hiki. Nikidanganya nacho mara moja, tunakuwa nchi ya nane."

Bi Zamzam alikuwa akitazama pembeni, pengine mlango wa ukumbi.

"Huyo aliyesema la kutompeleka mwanawe kwenye uwanja wa watu," alisema mwishowe. "Jina lake nani?"

"Perpetua Nakazwe. Aliniambia niliandike vizuri."

"Niletee maneno yake. Yote, kama alivyoyasema." Aliurudisha mtandio kichwani, akaubana. "Na weka kidole chako kwenye hiyo nafasi ya tatu kabla sijabadili mawazo."

Kokugonza aliweka kidole. *Watu wameulizwa.*

Saa tano na robo uwanja wa soko la Matai ulikuwa umefurika. Hakuna aliyewaita. Habari zilikuwa zimetembea kwamba maneno yao yanakwenda kusomwa Arusha, na watu walikuja na majembe yao na vikapu vyao. Credo alikuwa amefunga spika juu ya paa la ghala. Kokugonza alisimama nyuma, karibu na wauza maharage.

Sauti ya Bi Zamzam ilitoka ikiwa shwari kabisa. Alisema kwamba Shirikisho lina neno, na neno hilo limechelewa kwa sababu limetembea kwa miguu. Alisoma tarakimu tatu. Kisha akasoma jina la Perpetua Nakazwe, mkulima wa Mwazye, akalitamka sawasawa, na akasoma yote: malisho, wakubwa wa hotelini, Gaspari, na uwanja wa watu wasiomwita.

Mama Perpetua alikuwa mbele, amesimama wima, kanga yake imefungwa kifuani, anatazama spika kama mtu anayetazamwa nayo.

Ndipo mjumbe wa Meravia akacheka. Kicheko chake kilisikika wazi juu ya paa la ghala, na mkalimani akatafsiri: serikali yake inawasemea watu wake, haina haja ya kufundishwa na vijiji. Baadhi ya watu sokoni waliinamisha vichwa. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Acheke!" na wengine wakamnyamazisha ili wasikie.

Mtu mwingine alikuwa ameanza kuzungumza. Mtangazaji wa redio alinong'ona kwamba ni jenerali wa Dorvani, mzee, amesimama kwa kushika meza. Mkalimani alimfuata polepole.

"Nimeongoza vita hivi kwa miaka sita. Jana kivukoni amekufa binti wa dada yangu. Mkulima wa nchi ambayo sijawahi kufika ameuliza kama watu wangu wameulizwa. Nimekaa hapa natafuta jibu la kumpa mwanamke huyo." Akakohoa. "Sina jibu. Dorvani inakubali kuuliza. Tunaomba siku saba, na tunaomba mashine yenu, kwa kuwa hakuna mtu kwetu atakayeiamini ya kwetu."

Ukumbi wa Arusha ulichafuka kwa sauti. Ilichukua dakika ishirini na mbili, na Meravia iliomba mapumziko mara mbili. Lakini dunia nzima ilikuwa ikisikiliza, na mjumbe yule aliyecheka hakupata namna ya kueleza kwa nini serikali yake iogope kuwapigia simu raia wake. Saa sita kasoro dakika tano, Meravia ilikubali siku saba.

Kelele zilizotoka soko la Matai zilimfanya Kokugonza azibe masikio. Vigelegele, filimbi, mtu akipiga debe. Walimu wanane walikuwa wamekumbatiana. Mama Perpetua hakupiga kigelegele. Aligeuka, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimpisha, akafika kwa Kokugonza na kumshika mikono yote miwili.

"Umeliandika vizuri," alisema.

Hapo Kokugonza alilia, mbele ya wilaya nzima, wala hakuona haya.

5

Walikwenda Iskel watu arobaini kutoka Tabora, Kokugonza akiwa mmoja wao, wakiwa na masanduku kumi na mawili ya Sikio. Iliwachukua siku mbili kulifundisha lugha za mto ule, na siku ya tatu, Jumatatu, saa nne asubuhi, lilikuwa tayari. Kambi yao ilikuwa ghala la viazi kwenye ukingo wa Iskel, na kupitia mlango wake ulionekana upande wa pili, nyumba zisizo na mapaa na nguo zilizoanikwa kwenye kamba.

Kikosi cha Kalambo kilikuwa bado nyumbani, mabegi yamefungwa. Kingeitwa au kisingeitwa. Kokugonza hakujua, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kivuli cha kumwambia. Mashine haikuwa imewahi kuzungumza na mtu yeyote wa huku.

Sheria ilimruhusu Msajili kusikiliza simu ya kwanza, ili athibitishe kwamba swali limesomwa sawasawa. Alivaa visikizio. Mkalimani, mwanamume wa Meravia mwenye ndevu za siku tatu, akakaa karibu naye.

Simu iliita kwa muda mrefu. Iliyopokea ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito na yenye wasiwasi. Nyuma yake maji yalikuwa yakichemka.

Sikio lilijitambulisha. Likasema linatoka wapi, nani amelituma, na kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa jibu lolote. Kisha likasoma swali: kama anawataka vijana wa Kalambo waje wakae katikati, au hawataki, au ana neno jingine.

Hapakuwa na jibu. Kokugonza alidhani simu imekatika. Akatazama mshale wa sauti kwenye kioo, ulikuwa hai.

"Mnaniuliza mimi?" alisema yule mwanamke.

"Ndiyo," lilijibu Sikio. "Tunakuuliza wewe."

Ilisikika sufuria ikiepuliwa jikoni. Kiti kikaburutwa sakafuni.

"Subirini," alisema. "Nikae, niwajibu vizuri."